Katoni Kumi na Tano za Sabuni

Jumatano, 11 Mei 2022

Wanyange, kando ya ziwa, si mbali na Jinja. Nimeanza kuandika. Mtu mwenye mambo makubwa lazima ayaweke kwenye karatasi, la sivyo kichwa kinapasuka.

Naandika kwa Kiswahili kwa sababu ya dada yangu Naigaga. Tunakaa nyumba moja, na yeye hawezi kuona karatasi imelala bila kuisoma. Kiswahili hasomi. Anasema ni lugha ya askari, ya kukamatwa. Mimi nilikiokota Busia, miaka mitano nikikaanga chapati mpakani, na sasa kinanifaa kuliko kufuli.

Mambo yenyewe ni haya. Nataka kumuoa Shakirah wa Malukhu, kule Mbale. Yeye ananitaka. Wazazi wake wananivumilia. Shangazi yake, Hajati Hajarah, ndiye mwenye orodha, na bila orodha huoi. Lazima uende ukweni na watu wako, uketi kwa adabu, na vitu vyote vya orodha vishushwe mbele ya macho ya ukoo. Hapo ndipo shehe anaitwa.

Orodha iliandikwa Januari kwa kalamu nyekundu. Mbuzi wawili. Magomesi manne, yale magauni marefu ya heshima ya kina mama. Kanzu ya baba. Sukari, chumvi, mchele. Na chini kabisa, kama kitu kilichokumbukwa mlangoni: sabuni ya mche, katoni kumi. Nilicheka! Nikasema sabuni si kitu, nitaichukua siku mbili kabla. Nikaanza na vikubwa. Nikanunua mbuzi. Nikashona suti. Nikanunua viatu vyenye ncha.

Mwezi wa pili Urusi ikaingia Ukraine.

Nilitazama kwenye televisheni ya kinyozi. Nikawahurumia wale watu, nikarudi kukanda unga. Kumbe ngano ilikuwa inatoka huko huko! Unga ukapanda, mafuta ya kula yakapanda, petroli ikapanda, na sabuni ikazipita zote mbio. Leo katoni moja inataka bei ya mbuzi mzima. Dukani mche unakatwa vipande vinne, na mtu anaondoka na robo yake ameifunga kwenye leso.

Kazi yangu nayo imekonda. Chapati nimezipunguza mara tatu. Afande Jimmy, askari magereza, Mwacholi mrefu kutoka kaskazini ambaye hula kwangu kila asubuhi, leo ameiinua chapati juu akasema anaona ziwa lote kupitia hapo. Nimemwambia hiyo ni chapati ya kisasa. Amenunua tatu badala ya mbili, kwa hiyo mshindi ni mimi.

Saa nane Shangazi Hajarah akapiga simu. Siku ni ile ile, Jumamosi tarehe 21. Ila ukoo umekaa na kubadilisha orodha. Magomesi yamefutwa yote. Badala yake sabuni imeongezwa, si kumi tena, ni kumi na tano. Gomesi huvaliwa Idi hadi Idi, kasema, lakini nguo za watu kumi na mmoja zinafuliwa kila wiki.

Kumi na tano! Siku kumi!

Halafu akakohoa na kutaja jina la Ashiraf. Huyu ni msimamizi wa kituo kimoja cha petroli pale Mbale. Mwaka jana alikuwa kijana wa bomba tu, hakuna aliyemsalimia. Tangu vita vianze, watu wanampisha njiani. Ameshapita Malukhu mara mbili kuwajulia hali wazee.

Sishindwi na vita ambavyo sikualikwa. Naapa.

Alhamisi, 12 Mei

Njia ya kwanza: mazungumzo. Nilimpigia Shangazi nikamweleza vizuri, kwa utulivu, habari za meli, bandari na mashamba ya ngano. Nilieleza mpaka muda wa maongezi ukakaribia kuisha. Akaniuliza kama hao watu wa Ukraine nao wanamtaka Shakirah. Nikasema hapana. Akasema basi wasiingizwe kwenye maneno yetu. Akaongeza kwamba hiyo Ukraine yangu imefika hata jikoni kwake, na ndiyo maana anataka sabuni.

Nikampigia Shakirah. Yeye huuza vitambaa kwenye duka la jumla mjini, na ana sauti ambayo ukiisikia unasahau bei zote. Akasema Shangazi si mtu mbaya, ila anaogopa, kama kila mtu mwaka huu. Akaniomba nije na nilicho nacho na niseme ukweli. Akasema kweli kabisa atasimama nami.

Nimeyafikiria maneno yake alasiri yote. Nimeyaelewa. Anataka nilete nyingi, ila haya inamzuia kusema.

Jumamosi, 14 Mei

Njia ya pili! Nilining'iniza kibao kwenye banda: LETA SABUNI UPATE ROLEKSI. Yaani chapati na mayai mawili yaliyokunjwa ndani, kwa mche mmoja wa sabuni. Hesabu ilikuwa safi. Watu wana njaa, mimi nina mayai, sabuni inakuja kwa miguu yake.

Ilikuja, lakini si miche. Mama mmoja wa samaki alileta kipande cha ukubwa wa kidole gumba na kutaka roleksi nzima. Mwingine alileta vile visabuni vyembamba vya hoteli, vimeshatumika, kimoja kina nywele. Mzee mmoja akaleta ahadi. Kufikia adhuhuri nilikuwa na beseni la mabaki, na mayai yangu yamekwisha. Nilimtupia jicho Afande Jimmy, nikamuuliza kwa upole kama kule kazini kwao sabuni ipo. Akaacha kutafuna. Akasema sabuni ya wafungwa inahesabiwa kipande kwa kipande, na kwamba nikimtazama tena kwa jicho lile atanionyesha wanakolala. Nikamwongezea pilipili, yakaisha.

Naigaga amelitazama beseni akauliza nani amekufa tukaletewa mabaki hivi. Yeye hana mchumba, hajui.

Jumapili, 15 Mei

Leo nimekuwa kiwanda.

Hivi nilijiuliza: sabuni ni nini? Ni mafuta. Nani ana mafuta? Mimi! Nyuma ya banda nina madumu mawili ya mafuta machakavu, yale meusi ya kukaangia ambayo hata mimi sasa nayaonea aibu. Nikanunua magadi makali kwa mama mmoja sokoni Jinja anayetengeneza sabuni ya maji. Akanieleza vipimo. Alieleza kwa kirefu mno, nami nilikuwa na haraka, nikasikiliza nusu.

Nilipika uani kwenye sufuria kubwa ya Naigaga, ile ya pilau. Nikatia mafuta, magadi, na beseni la mabaki. Ikachemka. Ikapanda. Ikatoka nje ya sufuria na kutembea kuelekea mlangoni! Naigaga alipiga kelele ambazo walisikia wavuvi. Shungi lake jipya limepata tundu la kupitisha ngumi, na nyusi zangu zimepungua upande wa kushoto. Kuku wamehamia kwa jirani.

Lakini imeganda! Alhamdulillahi. Vipande arobaini, rangi ya udongo. Harufu ni ya kitunguu na yai, kwa mbali. Si mbali sana.

Jumatatu, 16 Mei

Nimempa Afande Jimmy kipande cha kujaribu, bure. Akaenda kufua sare yake kwa moyo mmoja.

Jumanne, 17 Mei

Jimmy alikuja kabla sijawasha moto. Sare ni safi, hilo kakubali mwenyewe, madoa yote yametoka. Shida ni mbwa. Anasema mbwa watatu walimfuata kutoka nyumbani mpaka gwarideni, na mmoja alisimama nyuma yake kwenye mstari kama kuruta. Mkubwa wake akapita, akanusa, akauliza nani amekula kabla ya gwaride. Watu wakacheka. Jimmy akaniambia, bwana Zubairi, mimi ni mtu wa miaka arobaini na sita, si wa kunuka vitunguu mbele ya wakubwa.

Nimemwomba msamaha. Ila moyoni nimefurahi. Inatoa madoa!

Shakirah kapiga simu. Ashiraf alimpeleka Shangazi mazikoni Sironko kwa gari, kwenda na kurudi, na petroli ya siku hizi. Shangazi alirudi akimsifu mpaka wakati wa kula. Mimi nina baiskeli.

Jumatano, 18 Mei

Akiba yangu yote imenunua katoni mbili. Mbili! Nilizibeba kutoka mjini nimezikumbatia, na watu njiani wakanitazama kana kwamba nimebeba mtoto wa chifu.

Basi njia ya tatu, na hii ndiyo yenyewe. Nimepata maboksi matupu kumi na matatu kwa mwenye duka, naye kaniuzia, kwani hata boksi tupu lina bei sasa. Zile katoni mbili nimezigawa kwenye maboksi yote kumi na tano: juu ya kila boksi, miche mitatu ya kweli. Chini yake, vipande vyangu vitatu, kwa maboksi machache viwili. Na chini kabisa, muhogo.

Ndiyo, muhogo. Ukiumenya, ukaukata kwa kipimo cha mche na kuufunga kwenye gazeti, uzito ni ule ule, urefu ni ule ule. Nilimwambia Naigaga ni zawadi ya bibi yake Shakirah ambaye hana meno. Akamenya gunia zima bila kuuliza bibi asiye na meno anautafunaje. Wakati mwingine dada yangu ananishangaza.

Je, ni uongo? Nimelitafakari baada ya swala. Si uongo. Sabuni ipo. Inayobaki nitaleta kidogo kidogo nikishaoa. Kwa kawaida vitu vya ukweni vinapangwa stoo, mlango unafungwa, na wiki inapita watu wakisifu. Mimi ndani ya wiki hiyo nitakuwa nimeshapata njia ya nne.

Ijumaa, 20 Mei

Nimempigia Shangazi kumwambia zote ziko tayari. Halafu Shakirah kauliza nimepata wapi katoni kumi na tano. Nikasema Mungu ni mkarimu. Akauliza tena kama ni kweli. Nikasema wallahi Mungu ni mkarimu, jambo ambalo halina ubishi. Akakata simu taratibu. Nadhani alikuwa analia kwa furaha.

Msemaji wangu ni Bogere, binamu yangu, mwalimu mstaafu, ana maneno kama mto. Ukweni bwana harusi hafungui kinywa. Anakaa kimya kama mgeni, na msemaji ndiye anayesema kwa niaba yake. Sikumweleza Bogere habari za muhogo. Mtu asiyejua husema kwa uhakika zaidi.

Jumapili, 22 Mei

Mbale, kwa shemeji yake Bogere. Asubuhi. Nitaandika yote.

Jana tulitoka Wanyange alfajiri na pikapu ya Yekosofati, dereva mwenye huruma kwa gari lake tu. Kwa sababu ya bei ya petroli alizima injini kwenye kila mteremko. Kwenye kila mwinuko aliomba wanaume tushuke. Nimesukuma pikapu nikiwa na suti! Bogere alisukuma na kanzu ameikunja kiunoni, akifanya mazoezi ya hotuba. Mbuzi ndio pekee waliofika wamepumzika.

Tulipofika Malukhu nikaona watu. Watu wengi! Hema limejaa, ua umejaa, na nje ya ua wanawake wamepanga mstari mpaka barabarani. Nikajivuna. Nikamwambia Naigaga, ona jinsi wanavyonipenda. Naigaga akasema, mbona kila mmoja ana mfuko mtupu?

Nikatazama. Kweli. Kila mmoja ana mfuko.

Kumbe mwaka huu desturi imegeuka. Hakuna stoo. Habari za katoni kumi na tano zilizunguka mtaa mzima, na kwa kuwa sabuni imekuwa dhahabu, Shangazi Hajarah alitangaza kwamba hatawafungia majirani mlango. Vitu vikishapokelewa vitagawanywa pale pale, mche kwa kila nyumba. Niliposikia hivyo nilitaka kurudi kwenye pikapu. Yekosofati alikuwa ameshaizima na kulala.

Bogere akasimama. Wallahi, alisema vizuri kupita siku zote. Alisema kijana wetu ni mtu wa jasho, dunia inapigana lakini yeye hakuyumba, katoni kumi na tano hizi hapa, zihesabuni. Wanawake wakapiga vigelegele. Naigaga na kina mama tuliokuja nao wakazibeba kichwani, wakapiga magoti, wakazipanga. Zilipendeza. Ashiraf alikuwa kwenye viti vya mbele, miwani ya jua, funguo za gari mezani. Sura ilimshuka. Kwa muda wa dakika kama tano nilikuwa mtu mkubwa Mbale.

Shangazi Hajarah akaja na kisu. Akalishika boksi la kwanza. Akaligeuza chini juu.

Msaidizi wake akamuuliza kwa nini anafungulia chini. Akajibu kwa sauti ya kila mtu kusikia kwamba tangu Idi huyu ni bwana harusi wa tatu kuja Malukhu na katoni nyingi. Wa kwanza alitia matofali. Wa pili alitia mchanga. Sasa yeye anaanzia chini.

Akatoa gazeti. Akalifungua. Muhogo.

Akafungua la pili. Muhogo. La tatu. Bogere alinigeukia na uso ambao sitausahau, uso wa mwalimu aliyekuta mwanafunzi wake bora ameiba mtihani. Ashiraf akacheka. Alicheka peke yake, kwa sauti, akipiga paja. Baba yake Shakirah aliinama akatazama viatu vyake. Hapo ndipo niliposikia aibu ya kweli, kwa sababu ya yule mzee na viatu vyake.

Nikasimama. Desturi hairuhusu. Nilisimama tu.

Nikasema mimi nakaanga chapati. Nikasema tangu mwezi wa tatu sijala chakula cha mchana, nalinyima tumbo niweke akiba, na akiba inaliwa na bei kabla sijaifikia. Nikasema kila nikipata nusu ya katoni, katoni inakimbia mbele. Nikasema ile sabuni ya udongo nimeichemsha mwenyewe na nyusi zangu zimekwenda humo. Muhogo ni uongo wangu, Bogere hajui, dada yangu hajui. Nikasema nampenda Shakirah na niliogopa kwamba nikija na mbili mtampa mtu wa petroli. Kisha nililia mbele ya mifuko yote ile, na sijali.

Shangazi alichukua kipande cha sabuni yangu, akakinusa, akakunja uso. Akaita beseni la maji. Akatoa leso yake ya mkononi, yenye doa la mchuzi, akaifua pale pale. Doa likatoka. Akaiinua juu watu waone. Akasema huyu ni mwongo, lakini ni mwongo anayefanya kazi.

Kisha mama mmoja kwenye mstari akauliza kama muhogo nao unagawiwa. Watu wakacheka, sasa kicheko kizuri, na mstari ukasogea! Muhogo uliisha kabla ya sabuni. Mwaka huu kila kitu kinapokelewa. Ashiraf akavaa miwani yake tena.

Ukoo ukaenda nyuma ya nyumba kushauriana. Wakarudi. Miche ya kweli ilikuwa katoni mbili kasoro, Shangazi akaihesabu mbili kwa huruma. Zimebaki kumi na tatu, na Shakirah hatoki nyumbani kwao wala shehe haitwi mpaka zitimie. Lakini akanipa nafasi ya kuchagua, na alinitazama machoni alipokuwa akisema.

Njia moja: nilete kumi na tatu kabla ya Maulidi, mwezi wa kumi, kwa bei yoyote itakayokuwepo. Katika hizo, Shakirah mwenyewe ameomba kuchangia sita kutoka kwenye mshahara wake, na ukoo umemkubalia. Njia nyingine: kama naona bei ni mzigo, nisubiri vita viishe, bei zirudi za Januari, nilete zote kumi na tatu mwenyewe kwa raha zangu. Ila nikichagua ni nimechagua. Itaandikwa, itawekwa dole gumba, na hakuna kurudi kuomba habari za Maulidi.

Bogere alinifinya. Naigaga alinikanyaga. Mlangoni pazia lilifunguka kidogo nikamwona Shakirah, mara ya kwanza siku nzima, na alikuwa anatikisa kichwa. Nilimhurumia. Hisia zilikuwa zimemzidi.

Nikafikiri haraka. Hapa ndipo mtu mwenye akili anapojulikana. Kwa nini nimpunguzie Shakirah mshahara wake? Kwa nini ninunue kwa bei ya wazimu, wakati vita vinakaribia kwisha? Kila mtu anajua vinakaribia kwisha. Kinyozi kasema. Nitanunua kumi na tatu kwa bei ya mbili!

Nikasema: vita vikiisha.

Ua wote ukavuta pumzi. Shangazi akauliza mara ya pili kama nina hakika. Nikasema nina hakika. Akaandika kwa kalamu ile nyekundu. Nikaweka dole gumba. Baba yake Shakirah akaweka. Ashiraf, ambaye hakuna aliyemwomba, akajitolea kuwa shahidi, tena akitabasamu. Mjinga yule! Hata hakuelewa kilichotokea.

Alhamisi, 26 Mei

Nimerudi bandani. Chapati nimezipunguza tena kidogo, lakini moyo mkunjufu. Naigaga hajasema nami tangu Jumamosi, nyumba ina amani.

Shakirah amepiga mara moja tu. Aliuliza kwa nini sikuchukua Maulidi. Nikamweleza hesabu yangu yote, pole pole, hatua kwa hatua. Akaniuliza nani aliniambia lini vita vitaisha. Nikasema mambo haya yanajulikana. Akasema Ashiraf amejitolea kumpeleka kazini asubuhi na kumrudisha jioni, kwa kuwa nauli imepanda. Nikamwambia akubali, asiumie miguu.

Leo asubuhi nilimsimulia Afande Jimmy. Nilitegemea apige makofi. Aliweka chapati chini. Akasema vita vya kwao kaskazini vilipoanza alikuwa mtoto wa darasa la tatu. Mama yake aliwaambia wafungashe nguo chache tu, kwani kufikia Krismasi watakuwa wamerudi nyumbani. Alioa kambini, kwenye kambi ya wakimbizi. Mtoto wake wa kwanza alizaliwa kambini, akajifunza kusoma kambini. Siku waliporudi kwenye shamba la mama yake, mama alikuwa ameshakufa, na mti ulikuwa umeota katikati ya nyumba. Alisema haya bila kunitazama, akitazama ziwa. Kisha akaniambia nipande gari leo hii, niende Malukhu, nimpigie magoti yule shangazi.

Nilimwonea huruma sana, wallahi. Nimempa chapati moja bure, kubwa ya zamani. Lakini Jimmy ni mtu aliyeona mabaya, kwa hiyo anayaona kila mahali. Vile vilikuwa vita vya porini, vya huku kwetu. Wazungu wana mashine na ratiba, hawawezi kupoteza muda namna hiyo.

Nimeshapanga. Juni watachoka, Julai watakaa mezani, Agosti bei zinashuka. Nimemlipa shehe kabisa kwa Jumamosi ya kwanza ya Septemba, na fedha hairudishwi. Leo alasiri nimenunua kitanda kipana, nimekitandika shuka mpya, na nimemwomba Naigaga ahamie chumba cha nyuma mapema, kwa sababu Shakirah yu karibu kufika.